Sebuleni Hakuna Unyoya Hata Mmoja

Msomaji uliyeikosa sehemu ya wiki jana, au gazeti lako lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, shika haya machache. Melania, mke wa Maige mnunuzi wa dhahabu wa pale Kahama, ana binti mmoja, Blessing, mwenye pumu. Mbwa wao wa zamani, Simba, alikufa akitetemeka na kutokwa na mate, Maige akasema majirani wamemlisha sumu. Daktari naye alikuwa amewaambia kwamba huenda manyoya ya mbwa ndiyo yanayombana mtoto. Basi Maige, ambaye siku zote alisema kazi ya mbwa ni kulala nje na kubweka, ghafla akataka mbwa wa kukaa ndani, chotara wa kizungu asiyepukutisha manyoya. Wakamnunua, wakamwita Pamba. Na tulipoachana, mtoto alikuwa amebanwa tena.

Asubuhi hiyo Melania alikuwa amepiga magoti sebuleni, kanga nyeusi mkononi.

Alikuwa amemlaza Pamba juu ya kanga ile tangu jana yake. Akampapasa, akamkuna, akamsugua kinyumenyume. Alipoipeleka kanga dirishani kwenye mwanga, hakuona unyoya hata mmoja.

Mtu mwingine angefurahi. Melania alizidi kupata wasiwasi. Mwanamke huyu akinunua sukari huionja dukani, akiletewa kuku wa zawadi huuliza alikuwa anaumwa nini.

"Amemnyoa," alijisemea. "Herman amemnyoa huyu mbwa ndipo akatuuzia."

Akamtumia salamu Herman aje haraka.

Huyu Herman alikuwa mpishi katika kambi moja ya wazungu watafiti wa madini huko nyuma ya Geita. Bosi wake Mwaustralia alikuja na mbwa jike wa nywele za kusokota, mbwa huyo akapandishwa na dume la kuwinda la mzungu mwenzake. Wazungu walipofunga virago, watoto wa mbwa wakabaki kwa Herman, naye akawahamishia kwake njia ya Isaka na kuwafanya biashara. Alikuja kwa baiskeli, kofia ya kambini kichwani, maneno tele mdomoni.

"Hodi hapa!"

"Karibu, baba. Habari za nyumbani?"

"Salama, Mama Blessing. Nimeambiwa kuna mgonjwa. Ni mbwa au ni mtoto?"

"Mgonjwa ni mtoto. Ninayemtafuta ni mwongo."

Herman akavua kofia. "Mwongo ndiye mimi?"

"Ulisema huyu hapukutishi. Mtoto amebanwa mara mbili wiki hii. Ulimnyoa?"

"Mama, mbwa aliyenyolewa huota vinywele vinavyochoma kiganja. Pitisha mkono. Vinachoma?"

Melania hakupitisha mkono. Alikuwa ameshapitisha tangu jana, na havikuchoma.

"Mimi sikukuficha kitu," Herman akaendelea. "Wale walizaliwa tumbo moja, lakini wengine wamefuata nywele za mama, wengine za baba. Wewe ulimtaka yule wa kahawia kwa kuwa ni mpole. Nani alikukataza? Nilikwambia yule atakujazia nyumba manyoya. Huyu nywele zake zikifa zinanasa humo humo kwenye misokoto, ndiyo maana nikakupa na chanuo."

"Ukasema atafaa kwa mwenye pumu."

"Nikasema anafaa kuliko wengine! Mbwa asiye na neno kabisa kwa mwenye pumu hajazaliwa. Mate anayo, ngozi yake inatoa magamba. Si ndiyo maana nikasema mtoto aje kwanza ashinde naye?"

Hilo lilikuwa kweli. Blessing alishinda kwa Herman kutwa nzima, akigaragara na wale mbwa wote, hata yule wa kahawia mwenye kupukutisha. Alirudi nyumbani gauni limechafuka na kifua kiko wazi. Melania alilikumbuka jambo hilo sasa, wala halikumfurahisha.

Herman alichuchumaa, akamwita Pamba. Mbwa akaja polepole, miguu ya nyuma ikitetemeka. Mate yalimdondoka kwenye kidevu.

"Huyu anatetemeka tangu lini?"

"Baridi tu."

"Baridi ya Kahama hii?" Herman akamfunua mbwa mdomo, akamtazama fizi. Zilikuwa zimevimba. Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama Blessing, mnampa nini huyu mbwa?"

Melania alishikwa na hasira. Yeye ndiye aliyemwita mtu amhoji, na sasa yeye ndiye anayehojiwa.

"Anakula tunachokula!"

"Basi niache nirudi naye. Kwangu alitoka mzima."

Kabla Melania hajajibu, Blessing alitokea mlangoni, akamrukia mbwa shingoni. "Pamba haendi! Akirudi huyu baba nitajifungia naye chumbani, sifungui!" Akaanza kukohoa, kile kikohozi chenye filimbi ndani yake, mpaka macho yakamtoka.

Herman alimtazama mtoto, kisha mbwa, kisha akavaa kofia yake.

"Ningekuwa mimi," alisema akipanda baiskeli, "leo hii ningemtoa mmoja wao katika nyumba hii. Na nisingeanza na mbwa."

Melania alimpakata mwanawe mpaka kikohozi kikatulia. Akachukua pindo la kanga, akamfuta machozi mashavuni, akamfuta nyuma ya masikio. Hapo mkono wake ukasimama.

"Hereni zako ziko wapi?"

"Si hizi hapa, mama."

Hereni zilikuwapo masikioni, lakini zilikuwa nyeupe. Nyeupe kama kijiko cha bati. Maige alizitengenezesha kutokana na dhahabu ya kwanza aliyonunua, mtoto alipopewa jina. Hakukuwa na mtu mtaani asiyezijua.

"Nani alikuvua zile za dhahabu?"

"Hakuna."

"Shangazi yako hakukuvua?"

"Shangazi huwa ananisuka tu."

Huwa ananisuka tu! Melania hakuhitaji ushahidi mwingine. Alimkalisha mtoto kwenye kiti, akatoka ua wa nyuma kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuzima moto.

Paskazia, dada mkubwa wa Maige, alikuja kusalimia wakati wa mavuno ya mwaka juzi na hakuondoka tena. Alilala chumba kimoja na Blessing. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua choroko.

"Wifi, hereni za mtoto ziko wapi?"

"Zitakuwa masikioni mwake."

"Nauliza zile za dhahabu."

Melania alijiandaa kwa ugomvi. Alitaka ugomvi. Lakini Paskazia alisogeza ungo pembeni, akafungua fundo la kanga yake, akatoa pete. Ilikuwa pete ya ndoa, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Nayo ilikuwa nyeupe.

"Mimi nilijua ni wewe," Paskazia alisema.

"Mimi?"

"Tangu Pasaka nakushuku. Nilisema, wifi yangu kanibadilishia pete nikiwa nimelala. Nimenyamaza kwa kuwa nakula chakula chako."

Melania alinyoosha mkono kuichukua pete, na Paskazia alipompa, vidole vyake vilitetemeka mpaka pete ikaangukia kwenye choroko. Mikono ile ilikuwa ikitetemeka siku nyingi. Melania alisema ni uzee, na Paskazia alikuwa hajafika hata umri wa kuitwa bibi.

Walitazamana, wezi wawili ambao hawakuiba chochote.

"Ng'wanawane," Paskazia alisema kwa sauti ya chini, kama mama anayemwita mwanawe, "dhahabu inakimbia rangi ndani ya nyumba hii. Unajua majirani wanasemaje?"

"Wanasemaje?"

"Wanasema yule si mbwa. Mbwa gani ana nywele za kondoo, hadondoshi kitu, analala na mtoto wa watu? Wanasema Maige amechukua ndagu."

Hakuna mtu wa Kahama wa kuelezwa ndagu ni nini. Mtu anakwenda kwa mganga, anapewa mali, na anailipia kwa mtu wa nyumbani mwake. Mtu huyo hafi siku moja. Anakwisha kidogo kidogo huku mali inaingia.

Na mali ilikuwa imeingia. Bati jipya, pikipiki, mbwa wa kizungu.

"Kifua cha Blessing kilizidi lini?" Melania aliuliza, akijiuliza mwenyewe.

"Si tangu Maige ahamie kile chumba?"

Wote wawili wakageuka kukitazama chumba cha nyuma. Zamani Maige alifanyia kazi yake uani, chini ya kibanda. Wezi waliporuka ukuta, akaihamishia ndani, akaweka kufuli. Mke wake hajaingia humo hata siku moja, kwa kuwa watu wa dhahabu husema mwanamke akiingia mali inakimbia. Melania aliona tu jiko la mkaa likiingia na majivu yakitoka. Alijua mumewe anapima dhahabu humo kwenye mizani. Sasa alijiuliza, mtu anayepima anapika nini?

"Anachoma dawa," alisema.

"Ndugu yangu hawezi kumtoa mwanawe kafara," Paskazia alisema, lakini alisema kama anayeuliza. "Ila akiwasha jiko lile, joto lake linatufika mpaka kitandani. Si unajua ule ukuta wa kati yetu na chumba chake haukufika juu."

Melania hakusikia habari ya ukuta. Alikuwa ameshafika mbali. Alikuwa anamwona mumewe amepiga magoti mbele ya mganga, akitaja jina la Blessing, na alimchukia kwa chuki ambayo hakujua kama anayo.

Alirudi ndani na ile pete, akamvua mtoto hereni, akamlaza chumbani kwake. Pamba akapanda kitandani akajilaza miguuni pake.

Maige aliingia mchana, vumbi la machimbo ya Kharumwa limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku za karibuni yalizidi kupungua. Melania alimtengea ugali na mlenda, akamnawisha mikono. Kisha akaweka mbele yake kisahani chenye hereni mbili na pete moja.

Maige aliviona. Mkono wake uliokuwa unakwenda kwenye ugali ulirudi mapajani.

Hapo ndipo Melania aliposhtuka kweli. Mume wake akiokota hata pini barabarani huisugua kwenye kucha ajue kama ni dhahabu. Leo amewekewa hereni nyeupe alizozitengenezesha mwenyewe, na hakuzigusa. Hakuuliza nani kaziiba wala nani kazibadilisha.

"Hushangai?" Melania aliuliza.

"Nishangae nini?"

"Dhahabu imekuwa bati."

"Si bati. Zikipita motoni zitarudi."

"Umejuaje, na hujazishika?"

Maige alivuta bakuli la mlenda karibu.

"Baba Blessing, nakuuliza mbele ya chakula. Umemtoa mtoto?"

"Nimemtoa wapi?"

"Usinichezee! Umemtoa ndagu?"

Maige alicheka. Kilikuwa kicheko cha mshangao, cha mtu aliyeulizwa swali la kitoto. Kisha kikakatika, na alipomtazama tena mkewe hakuwa na uso wa kucheka.

"Hakuna mganga," alisema. "Ni zebaki."

"Zebaki imefanya nini? Zebaki si iko huko huko machimboni?"

"Wachimbaji wanakamatia dhahabu kwa zebaki, halafu wanaichoma itoke. Lakini hawaimalizi. Wanaacha nyingine ndani makusudi, donge lizidi uzito. Nisipoichoma tena mimi mwenyewe, nanunua zebaki kwa bei ya dhahabu. Wanunuzi wote tunafanya hivyo."

"Kwenye kile chumba."

"Uani wezi wanaona."

"Na hereni?"

"Ikichomwa inapanda na moshi. Ikikuta dhahabu nyingine, inaganda juu yake. Dhahabu inakuwa nyeupe. Kila mnunuzi anajua."

"Ikimkuta mtu je?"

Maige alikitazama kisahani.

Maneno ya Paskazia, yale ambayo Melania hakuyasikia, sasa yalimrudia yote. Ukuta haukufika juu. Joto linawafika mpaka kitandani. Alikuwa amemsugua mbwa juu ya kanga nyeusi akitafuta unyoya, na juu ya kitanda cha mtoto kulikuwa wazi muda wote.

"Simba alikuwa analala wapi?" aliuliza.

"Unajua."

"Nataka useme wewe."

"Chini ya dirisha la chumba cha nyuma."

"Na ukatuambia majirani wamemlisha sumu."

"Nilidhani hivyo. Mwanzoni."

"Mwanzoni!" Melania alilidaka neno lile kabla halijaanguka chini. "Halafu? Maige, halafu? Wewe uliyekuwa unasema mbwa akiingia ndani baraka zinatoka. Ghafla ukataka mbwa wa sebuleni. Ukanipeleka mwenyewe kwa Herman. Ukamwuliza kama hapukutishi, akakujibu, ukamwuliza tena. Mpaka Herman akakasirika. Mimi nikasema, mume wangu anampenda mtoto wake."

"Nampenda."

"Sema basi!"

Maige alizungumza bila kuinua macho. "Daktari alisema manyoya. Mimi nilitaka yawe manyoya, Melania. Nikasema nilete mbwa asiyetoa hata unyoya mmoja, alale naye. Mtoto akipata nafuu, basi lilikuwa lile jibwa la zamani. Asipopata..." Aliitazama kanga nyeusi iliyokuwa bado imetupwa juu ya kiti. "Nilitaka nijue kama ni manyoya au ni mimi."

Nje, Paskazia aliendelea kupepeta choroko zake. Melania alimtazama mwanamume huyu aliyezaa naye. Alitaka kumpiga, na alitaka kumshika kichwa, vyote kwa wakati mmoja.

"Ulijua lini?"

"Mbwa alipoanza kutetemeka."

"Pamba alianza kutetemeka kabla hatujavuna karanga," Melania alisema taratibu. "Karanga zile tumeshazila zikaisha. Na jiko umewasha hata juzi."

Machozi yalimtoka Maige, machozi ya kweli, yakachora njia kwenye lile vumbi. Melania hakuwahi kumwona akilia, hata alipomzika baba yake, na katikati ya hasira yake yote akaona tumaini dogo. Ameshalia, alisema moyoni. Mtu akishalia, ameacha.

"Hodi! Hodi kwa Maige!"

Zilikuwa sauti za wanaume, langoni. Wachimbaji wa Kharumwa, aliokuwa ameahidiana nao asubuhi, walikuwa wamefika na mzigo wao.

Melania alisubiri mumewe awaambie warudi. Alisubiri aseme mgonjwa yupo, au tutafanyia kazi shambani, au lolote. Maige alijifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akapapasa mfuko wa shati, akatoa ufunguo.

"Mtoe mtoto nje kidogo," alisema.

Akapaza sauti: "Karibuni! Pitieni nyuma."

Melania alisimama hata kiti kikaanguka. Alifika kwenye chumba cha Blessing, akausukuma mlango, na mlango haukusogea. Ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Upande wa pili Pamba alibweka mara moja, akanyamazishwa.

"Blessing! Fungua, mama, upesi!"

"Sifungui." Sauti ya mtoto ilitoka chini, kama yuko uvunguni mwa kitanda. "Nimewasikia. Wamekuja kumchukua Pamba."

"Hakuna anayemchukua Pamba! Fungua mlango, mwanangu!"

"Unadanganya. Baba amewaambia wapite nyuma."

Melania aliupiga mlango kwa bega, akamwita Maige, akamwita Paskazia, na huku anaita akasikia, juu ya ule ukuta usiofika juu, wanaume wakisalimiana na mtu akianza kupepea jiko.